Wafike kungali mchana

Saa mbili na robo usiku, uani kwenye nyumba moja vijijini Tandahimba, mkoani Mtwara. Noah imezimwa lakini bado inahema joto, na ndani yake kuna harufu ya matapishi yaliyofutwa kwa kanga. Mlango wa pembeni unavutwa. Mtoto wa miaka mitatu anashushwa akiwa nusu usingizini, kaptula imelowa, kiatu cha mguu mmoja hakionekani kilipo. Vigelegele vinapigwa. Mbele yake, kwenye mkeka, ameketi bibi aliyemzaa bibi yake, ambaye tangu alfajiri amekuwa akiuliza gari limefika wapi.

Macho ya bibi yana mtoto wa jicho. Usiku haoni kitu. Basi mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, anawasha tochi ya simu na kummulika mtoto usoni ili bibi amwone kitukuu wake.

Mtoto anaangua kilio. Anajirusha nyuma na kung'ang'ania shingo ya mama yake. Mkono wa bibi, uliokuwa umenyooshwa kumpokea, unabaki hewani kidogo, kisha unarudi mapajani.

"Mwacheni," anasema. "Kachoka."

Watu wakaendelea kushusha mizigo.

Mkono ule umenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Kwa hesabu zetu za kawaida, safari ile ilikwenda vizuri. Hakukuwa na pancha wala faini, na wamefika siku ile ile waliyoahidi. Lakini ukoo mzima umechangishana, watu wameomba ruhusa kazini, mbuzi wamenunuliwa, ili mwanamke wa miaka themanini na kitu akutane na mtoto wa miaka mitatu. Na wakati wa kukutana ulipofika, mmoja alikuwa haoni na mwingine hajiwezi.

Nilianza kwa kudhani kosa ni la tochi. Kisha nikadhani ni la dereva. Sasa naamini kosa lilifanyika Dar es Salaam, siku ile mtu aliposema, "Tutoke alfajiri, jioni tumefika."

Lami imetunyang'anya usiku wa njiani

Wazee wanaokumbuka kivuko cha Ndundu kule Rufiji watakuambia safari ya Kusini ilikuwa ya siku mbili, tatu, masika hata wiki. Walikwenda na watoto wachanga mgongoni na walifika. Hoja hiyo huletwa kila mara mtu anapolalamika kuhusu watoto na safari ndefu: sisi tulipita huko kabla ya lami, nyinyi mna kiyoyozi.

Ni kweli. Ila katika safari ile ya shida mtoto alikuwa anashuka. Gari likikwama, anacheza mchangani. Foleni ya kivuko ikiwa ndefu, analala chini ya mwembe. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 na lami ikamilike, mtu mzima amepata nafuu kubwa, na mtoto amepata kitu ambacho wazee wale hawakuwahi kumpa: saa kumi na mbili za kufungwa mahali pamoja.

Tufanye hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara mjini ni kilomita zipatazo 560. Ukiheshimu 50 kwenye kila kijiji, na vijiji ni vingi, pamoja na matuta, wastani wako utakuwa kilomita 60 na kidogo kwa saa. Hizo ni saa tisa za kuendesha tu. Weka vituo vinne vya dakika 25, weka chakula cha mchana dakika 45. Umefikia saa kumi na moja na nusu, na hakuna kilichoharibika bado. Ukitoka saa 11 alfajiri, uko Mtwara mjini saa 10 na nusu jioni.

Hapo ni Mtwara mjini. Tandahimba na Newala bado ziko mbele, huko juu kwenye Uwanda wa Makonde. Na mwezi wa Juni, Mtwara jua linazama saa 12 jioni. Ndiyo maana magari mengi ya wageni wa ukoo huingia uani gizani. Wenyewe hawakupanga kufika usiku. Hawakupiga tu hesabu hadi mwisho.

Lindi, au Kilwa

Mlale njiani. Hili ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni nyongeza.

Kama mnaweza kutoka Dar saa 11 alfajiri, laleni Lindi mjini. Ni kilomita kama 450. Pamoja na vituo, mtafika kati ya saa 8 na saa 9 mchana, jua bado lipo, na watoto watapata saa mbili tatu za kukimbia ufukweni kabla ya kuoga, kula wali na kulala. Kesho yake mkiondoka saa 1 na nusu asubuhi, hata kama mnapanda hadi Tandahimba kupitia Mtwara, mtafika mchana. Bibi ameshaoga, ameshakunywa uji, ameshabadilisha khanga. Mtoto amelala kwa saa kumi kitandani.

Kama kuna mtu hawezi kutoka kabla ya saa 2 asubuhi (na katika kila ukoo yupo), msijidanganye na Lindi. Nangurukuru iko kilomita kama 300 kutoka Dar. Laleni hapo, au kateni kushoto mwende Kilwa Masoko, mkubali kwamba siku ya pili ndiyo itakuwa ndefu.

Pingamizi kubwa ni pesa. Chumba cha gesti kwa watu wazima wawili na watoto wawili, ukijumlisha chakula cha usiku, ni gharama ambayo haikuwa kwenye bajeti ya ukoo. Mimi ningeitoa kwenye sare. Vitenge vya kufanana, keki yenye jina la ukoo, spika za kukodi: hivyo vyote huchangiwa bila ubishi kwa sababu vinaonekana kwenye picha. Usiku mmoja wa Lindi hauonekani kwenye picha, isipokuwa kwenye uso wa mtoto.

Macho, masikio na kopo lenye mfuniko

Kichefuchefu cha gari hakiwapati watoto wote. Chini ya miaka 2 ni nadra. Kati ya miaka 2 na 12 ndipo kinapowaandama. Sababu yake ni ugomvi kati ya sikio na jicho: sikio la ndani linahisi gari linakwenda, linapanda, linakata kona, huku macho yakitazama kitu kilichotulia. Ubongo unapokea taarifa mbili zisizopatana, tumbo linalipa.

Na kitu kilichotulia, siku hizi, ni simu. Mzazi anampa mtoto katuni ili atulie, mtoto anatulia dakika arobaini, kisha anatapika. Mwenye gari anasema chai ya asubuhi ndiyo iliyomdhuru. Chai ilichangia. Katuni ndiyo iliyoanzisha.

Kwa hiyo simu ifungwe. Mtoto mwenye tabia ya kutapika akae safu ya kati, mahali anapoona barabara ya mbele kupitia kioo cha dereva, wala si safu ya nyuma kabisa ambako gari hurusha zaidi. Dirisha liachwe wazi kidogo hata kama kiyoyozi kinafanya kazi. Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo yatolewe siku moja kabla. Badala ya katuni, mpe kazi ya macho: ahesabu minazi, ahesabu malori, atafute bodaboda yenye abiria watatu. Hadithi za kusikiliza hazina tatizo, kwa kuwa haziyafungi macho.

Chakula ndiyo sehemu tunayokosea kwa upendo. Mtoto anaamshwa saa 10 usiku anywe chai ya maziwa na chapati za mafuta "asije akapata njaa njiani." Maziwa na mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Mwacheni apande na usingizi wake, anywe maji kidogo tu. Atalala hadi Kibiti, na pale, kilomita kama 140 kutoka Dar, ndipo ale: mkate mkavu, kiazi cha kuchemsha, ndizi, chai ya rangi yenye tangawizi na sukari kiasi. Baada ya hapo, kidogo kidogo kila baada ya saa moja na nusu. Tumbo tupu kabisa nalo huleta kichefuchefu, jambo ambalo wengi hawalijui, wanamnyima mtoto chakula njia nzima wakidhani wanamsaidia.

Dawa za kuzuia kutapika zipo, lakini zile zenye promethazini hazifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu zinaweza kumpunguzia pumzi. Muulize mfamasia, mtajie umri na uzito wa mtoto. Usigawe nusu ya kidonge cha mtu mzima.

Na atapike vipi? Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mfuko wa khaki ukilowa unatoboka mapajani. Beba kopo la lita mbili lenye mfuniko unaobana, lile la siagi au aiskrimu. Weka ndani yake, chini, karatasi za chooni zilizokunjwa ili kisiruke kitu. Mtoto wa miaka minne anaweza kulishika mwenyewe. Likitumika, funga mfuniko, na harufu inaishia humo, jambo linalowaokoa wengine, maana harufu ya mmoja huwatapisha watatu.

Kwa anayetapika sana au kuharisha, beba pakiti za ORS za kurudishia maji mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima kwa kijiko. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kukosa kabisa. Mnyweshe kijiko kimoja kimoja kila dakika moja au mbili. Ukimpa kikombe kizima atakirudisha kizima.

Jihadhari hasa na kipande cha mwisho. Mnaokwenda Newala kupitia Masasi, ule mlima wa kupanda uwandani una kona, na hapo ndipo mtoto aliyevumilia njia nzima hushindwa. Simameni chini ya mlima, atembee dakika kumi, ndipo mpande.

Mapajani

Hapa nitasema bila kuzunguka.

Mtoto wa kilo 10, gari likigonga likiwa na mwendo wa 50 tu, kwa sekunde ile anakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Hakuna mama mwenye mikono ya kumzuia, hata ampende vipi. Kumfunga pamoja naye mkanda mmoja ni vibaya zaidi, kwa kuwa mwili wa mama unamkandamiza mtoto kwenye mkanda.

Viti vya watoto vya mitumba vinapatikana Kariakoo. Kabla ya kununua, kagua kama plastiki ina ufa, kama mikanda inafunga kwa mlio na haifunguki kwa kuvutwa, kama povu halijaoza. Mtoto mchanga aelekee nyuma ya gari, kwenye kiti cha nyuma, kamwe si mbele penye mfuko wa hewa. Mkubwa kidogo anahitaji kiti cha kumwinua, maana mkanda wa gari umetengenezwa kwa mtu wa kimo cha kama mita 1.5. Kwa mtoto mfupi unapita shingoni na tumboni badala ya begani na nyongani.

Kiti kimoja kinachukua nafasi ya mtu mmoja. Ndipo ugomvi wa kifamilia unapoanza, kwa sababu Noah ya watu saba au nane imeshaahidiwa watu kumi na mmoja, na mama mdogo wa Mbagala ameshaambiwa "tutabanana." Amueni nani anapanda basi wiki nzima kabla ya safari. Uamuzi huu ukiachwa hadi alfajiri ya kuondoka, anayepoteza nafasi ni mtoto, kwa sababu yeye ndiye anayebebeka.

Tairi nazo. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini ya miaka minane ni raba iliyokufa, na gari lililojaa watu, mizigo na mchele, kwenye lami ya saa saba mchana, ndiyo mtihani wa raba iliyokufa. Pima upepo asubuhi kabla gari halijapata moto. Pima na tairi ya akiba, isije ikawa nayo inahitaji msaada.

Kuchimba dawa

Mtoto hasemi "nusu saa ijayo nitahitaji kujisaidia." Anasema "mkojo" na ameshaanza. Kwa hiyo vituo vipangwe na mzazi, kila saa mbili, mtu asiulizwe kama anataka. Wote wanashuka.

Kibiti, kisha Somanga, kisha Nangurukuru. Kutoka hapo hadi Lindi kijiji na kijiji viko mbalimbali, basi jazeni maji na mafuta Nangurukuru na mweke kituo kimoja Kiranjeranje. Rufiji msishuke kwenda kuona mto. Watoto wataomba, na mandhari ni ya kuvutia kweli, lakini mto ule una mamba na viboko. Utazameni dirishani mkipita darajani, polepole.

Mahali pasipo na choo, gari litoke kabisa nje ya lami, taa za dharura ziwake, na watoto washukie mlango wa kushoto peke yake. Kufuli ya watoto kwenye mlango wa kulia ifungwe tangu nyumbani. Mtoto asiingie kwenye majani marefu. Mwekeeni poti nyuma ya gari, kwenye kivuli cha mlango, halafu limwagwe na kusuuzwa. Poti hilo hilo litawaokoa usiku kule kijijini, kwa sababu tundu la choo cha shimo, gizani, kwa mtoto aliyezoea sinki la mjini, linatisha kuliko fisi.

Wa basi wana mtihani wao. Mlipie mtoto siti yake akishafikisha miaka mitatu. Akiwa mapajani kwa saa kumi, mnaumia wote wawili. Ombeni siti za mbele ya tairi za nyuma, na mwambieni kondakta mapema, kwa upole, kwamba mna mtoto. Akiambiwa mapema husimamisha gari. Akipigiwa kelele ghafla, hukasirika.

Miezi

Koo nyingi hukutana Juni, Desemba au Idd. Kila wakati una jambo lake.

Juni hadi Agosti barabara ni kavu na hewa ya uwandani ni ya baridi kidogo usiku. Watoto wabebe sweta na soksi, watu wa Dar husahau. Lakini huo pia ndio msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Asubuhi utaona vumbi la njano limeelea mashambani. Linawasha macho na kukohoza, na kwa mtoto mwenye pumu si jambo la mzaha. Waulizeni wenyeji wanapuliza lini na upande gani, na asubuhi hiyo watoto wabaki ndani hadi vumbi litue.

Desemba korosho ziko chini ya miti na zimeanikwa uani. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayochoma ngozi. Mtoto wa mjini ataiokota, ataing'ata ili afike kwenye kile anachokijua kutoka dukani, na midomo itavimba malengelenge. Mwonyeshe mapema, mkononi mwako, ganda na tunda lake: hii haing'atwi. Akishagusa, osha kwa sabuni na maji mengi kabla hajajipikicha macho. Mabibo ale, ni matamu ingawa yanakereketa koo, ila avae nguo za kuchezea kwa sababu doa lake halitoki. Na korosho zilizokaangwa, zile zinazoletwa hadi dirishani mwa gari, asipewe nzima mtoto wa chini ya miaka minne. Zinaziba koo. Zitwangwe.

Idd inasogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo inaweza kuangukia masika. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Lindi sehemu za Kilwa, na magari yalikwama na abiria wao, watoto wakiwemo. Masika, uliza madereva wa mabasi siku moja kabla, na beba chakula na maji ya siku nzima ya ziada.

Je, si kuwadekeza?

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, kwa sababu hoja ya upande wa pili nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Kwamba mtoto hafundishwi heshima kwa kubembelezwa. Kwamba akifika, ashuke, apige shikamoo kwa kila mkubwa, alie asilie. Kwamba tukianza kupanga safari ya ukoo kwa kufuata usingizi wa mtoto wa miaka mitatu, tumegeuza mambo, mdogo amekuwa mkubwa.

Nilikubaliana na hoja hiyo kwa siku kadhaa. Kilichonibadilisha ni kurudi kwenye ile picha na kumtazama bibi badala ya mtoto.

Bibi ndiye aliyehitaji mchana.

Mwenye mtoto wa jicho, mwanga wa koroboi au wa taa ya sola haumsaidii, na mng'ao wa tochi humtawanyikia machoni. Mchana, kivulini, mtoto akiwa karibu, anaweza kuona umbo la paji la uso na kusema huyu kafanana na fulani. Masikio yake nayo yanazidiwa pale watu ishirini wanapozungumza kwa pamoja karibu na gari linalonguruma. Na yeye hulala mapema. Kumfikishia kitukuu saa mbili usiku ni kumkosea heshima yeye kwanza. Mkubwa wetu ndiye tunayempangia safari, na mtoto ananufaika humo humo.

Shikamoo inabaki palepale. Ila hufundishwa nyumbani, wiki tatu kabla, si kwa kufinywa begani mbele ya watu. Mwombeni mjomba au mama mdogo aliyeko kijijini amrekodi bibi ujumbe wa sauti, dakika moja tu, akimwita mtoto kwa jina lake. Mwekeeni mtoto ausikilize kila jioni. Muonyesheni picha. Mwambieni nani ni nani kwa upande wa mama, kwa kuwa kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kimila ukoo hufuatwa upande huo, na akifika ndivyo atakavyotambulishwa: mtoto wa fulani, wa fulani, wa fulani, wanawake watupu. Na mwonyeni kuhusu utani, maana bibi atamwita "mume wangu" na kumdai mahari, na mtoto asiyejua utani wa bibi na mjukuu anaweza kuchukulia kwamba ananyang'anywa mama yake.

Dakika ishirini kabla

Kijiji kimoja kabla ya kufika, simameni. Dakika ishirini. Watoto washuke, wakimbie, wakojoe. Nawisheni nyuso kwa yale maji ya galoni la kunawia. Badilisheni fulana. Wapeni kitu kidogo cha kula ili wasifike na njaa ya hasira. Pigeni simu: tuko karibu, bibi akae mkekani, kivulini, na tunaomba vigelegele vya kwanza viwe vya umbali kidogo.

Mkifika, injini izimwe. Watu wazima washuke kwanza wamsalimie bibi, mtoto akiwa anatazama kutoka mkononi mwa mama. Mama aketi mkekani, sambamba na bibi, asisimame juu yake. Bibi awe ameshika kitu: kipande cha mung'oko (kiazi cha porini) uliochemshwa, kikombe, ufunguo uliofungwa kwenye pindo la khanga. Mtoto ataufuata mkono wenye kitu. Wengine huchukua dakika mbili, wengine nusu saa.

Anayetaka kupiga picha asubiri.

Uani

Shida ya maji kwenye Uwanda wa Makonde ni ya miaka mingi, na ugeni wa watu arobaini unaimaliza akiba ya nyumba kwa siku moja. Changieni maji ya kununua kabla ya kuchangia soda, na watoto waogeshwe kwa beseni moja, wadogo kwanza.

Chandarua kila mtu abebe chake, na kamba, na misumari minne. Mtoto aliyekulia mahali penye mbu wachache hana kinga aliyo nayo binamu yake wa kijijini. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe mtoto alikuwa Kusini.

Na sufuria za pilau. Mafiga matatu chini, moto mkubwa, watoto kumi na watano wanaokimbizana. Wekeni mtu mzima mmoja wa zamu, saa moja moja, ambaye kazi yake ni hiyo tu: hapiki, hapokei wageni, hashiki simu. Fungeni kamba kati ya miti kuzunguka jiko. Ajali nyingi za namna hii hutokea kila mtu akidhani mwenzake anatazama.

Siku ya kuondoka

Msiondoke usiku wa sherehe, wala alfajiri inayofuata ikiwa dereva amelala kwa saa tatu tu. Laleni tena.

Mizigo ipakiwe jioni, tairi zipimwe jioni, mafuta yawe yameshajazwa, ili asubuhi pasiwe na mtu mwenye shughuli. Acheni nafasi ya viroba viwili nyuma ya gari, kwa sababu vitakuja: korosho, unga wa muhogo, pengine jogoo aliyefungwa miguu. Kumwambia bibi kwamba gari limejaa hakufai.

Kisha kaeni naye mkekani jua likiwa limeshachomoza, gari halijawashwa. Mtoto aliyelala pale siku tatu hatahitaji kuitwa. Bibi atampapasa masikio, atampapasa vidole, atakihesabu kila kimoja, na akimaliza mkono wa kulia ataomba wa kushoto.